Picha ya Souleymane Sokoni

Mlinzi wa jumba letu la sanaa hapa Likasi hutazama miguu kabla ya uso. Ukija na kandambili, unarudishwa. Hiyo ni amri ya mkuu wetu, Directeur Barthélemy, na mimi, Gertrude, mwanahistoria wa sanaa, niliivumilia miaka kumi na mmoja. Naona haya kuisema.

Alhamisi alirudishwa Mama Matumaini, muuza majani ya sombe, mjane wa Souleymane. Marehemu alikuwa dereva wa lori na alichora juu ya magunia ya unga. Picha yake moja tunayo: mwanamke ameketi uani, ametupa mgongo. Mjane alitaka kuiona kabla mtoto wa jicho hajamfunika macho kabisa. Nilimwendea Directeur kumwombea. Akaniambia sanaa ina watu wake.

Nilikasirika. Jumamosi asubuhi niliishusha picha ukutani pamoja na kibao chake chenye jina « Nchi », nikaifunga kwa kitenge, nikaipeleka sokoni kwenye meza ya Mama Matumaini. Watu wakajaa. Nikawaeleza kama nilivyoandika kitabuni mwangu: mwanamke huyu ni nchi, imewageuzia wanawe mgongo.

Mama Matumaini aliinama hadi pua ikakaribia kugusa gunia.

« Haiko inchi, » akasema. « Ni miye. Kwetu shiye baislamu, baba mukwe alisemaka haifai kuchora sura ya muntu. Nilimukatalia sura. Njo Souleymane akachora mugongo. »

Soko zima lilicheka, na nilistahili. Kuuliza si ujinga, lakini mimi na digrii zangu sikuwahi kuuliza. Nilitoa kalamu, nikafuta « Nchi » kwenye kibao, nikaandika: Matumaini, mke wa Souleymane.

Directeur akafika akihema. Alisema jua litaharibu picha, tena kazi yangu imekwisha. Nikamjibu kwamba gunia hilo lilikaa juani uani kwa Souleymane miaka tisa kabla hatujalifungia ndani. Akanyoosha mikono alichukue. Mama Matumaini hakusogea. Alikuwa bado anautazama mgongo wake wa ujana, analia bila kujificha, na nyuma yake foleni ya kuiona picha ilikuwa imefika kwa wauza makaa.

« Directeur, » nikamwambia, « weye pia utaona. Enda kule nyuma, ufwate mulongo. »

Akatazama huku na huku. Hakuna aliyempisha.