Wimbo wa Kitindamimba

Katika nyumba ya fundi redio kila mtoto alikuwa na wimbo wake, na wimbo huo haukuchaguliwa na mtu. Mama aliposhikwa na uchungu na mkunga akaitwa, fundi aliketi sebuleni, upande wa pili wa pazia, redio ikiwa magotini na inaimba. Mtoto akilia tu, wimbo uliokuwa hewani ndio wake, apende asipende. Fundi aliusaka huko na huko mpaka akaupata kwenye kanda, na kila siku ya kuzaliwa aliupiga kwa spika kubwa kabla mwenye siku hajanawa uso.

Kaka mkubwa aliangukia wimbo wa tarumbeta, wa aina inayomfanya hata mgonjwa atikise bega. Siku ya harusi yake aliingia nao ukumbini, akacheza mpaka koti likachanika kwapani. Dada alipata wimbo wa mapenzi, wa mwanamume anayembembeleza mke arudi nyumbani. Utotoni ulimtia aibu hadi akataka ardhi immeze. Ukubwani, ndoa yake ilipokwenda mrama, alijifungia chumbani nao siku nzima, akatoka macho mekundu na njaa ya kula ng'ombe.

Kitindamimba yeye alipata taarifa ya habari. Baba alisema hivyo na hakuna aliyebisha: mtoto alilia wakati msomaji anasoma habari. Basi kila siku yake ya kuzaliwa aliamshwa na habari za asubuhi hiyo, bei za mazao na waziri aliyefungua daraja, huku kaka na dada wakicheka hawana mbavu. Jina likamganda. Mtaani Taarifa, shuleni Taarifa, na sasa alipokuwa mtu mzima, mwenye koti jeupe nyuma ya kaunta ya duka la dawa, wateja nao walimwita Taarifa. Alikuwa amekwisha kuzoea, au alijiambia hivyo.

Mambo yalibadilika siku mkunga, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alipoingia dukani kutafuta mafuta ya kuchua goti.

"Bibi, umenisahau," Taarifa alimtania. "Mimi ndiye niliyezaliwa na taarifa ya habari."

"Habari ipi?" mkunga alisema, akinusa mafuta. "Zilikuwa saa za salamu za wasikilizaji. Nyimbo mtindo mmoja. Mimi ndiye niliyempigia baba yako kelele apunguze sauti."

"Wimbo gani, bibi?"

"Mjukuu wangu, mikono yangu ilikuwa na kazi. Muulize mwenye redio."

Alilipa akaenda zake, akamwachia Taarifa udadisi uliomwasha kama upupu. Baba hakuwa mtu wa uongo. Hata betri nusu alimwambia mteja kuwa ni nusu. Sasa kwa nini amfiche mwanawe wimbo wake mwenyewe? Labda ulikuwa wa matusi. Labda ulimkumbusha mwanamke fulani wa zamani. Hapo Taarifa alijaribu kumwazia baba yake akiwa na mwanamke wa zamani, ikamshinda. Na haikuwa jambo la kuahirisha. Yeye ndiye aliyempeleka mzee kwa daktari wa masikio, naye daktari hakupindisha maneno: sikio la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Alitaka wausikilize huo wimbo pamoja, walau mara moja, kabla mlango haujafungwa.

Alianza na mama, aliyekuwa akikunja nguo kitandani.

"Mimi siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingine," mama alisema, na hakumtazama. Kisha, nguo mbili tatu baadaye: "Usimsumbue baba yako."

Nani amwambie Taarifa asimsumbue mtu, naye Taarifa atulie? Aliulizauliza, akakusanya kwenye simu nyimbo zote zilizovuma mwaka aliozaliwa, na Jumamosi mchana akaenda kwenye kibanda cha baba.

Kibanda kilinuka waya zilizoungua na gundi. Redio zilizofunguliwa matumbo zilijaa rafu hadi darini. Siku hizi mzee alizipima kwa kuweka vidole juu ya spika, akihisi mtetemo, na bado alijua ipi ni mbovu. Taarifa aliunganisha simu kwenye spika kubwa, akapiga wimbo wa kwanza, macho yake usoni kwa baba.

Baba aliweka kiganja kwenye spika. "Huu! Mpiga gitaa huyu alikuwa kinyozi."

Wa pili, alitikisa mguu. Wa tatu, aliimba kiitikio, kwa kelele za mtu asiyeisikia sauti yake, mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Wimbo baada ya wimbo, na uso wa mzee ulikuwa wa furaha tu. Hakuna uliomgusa pabaya. Taarifa akachoka kuvizia. Alizima simu, akainama kwenye sikio la kushoto.

"Baba, mkunga amesema hapakuwa na habari. Palikuwa na wimbo. Nataka wimbo wangu."

Mzee aliondoa mkono kwenye spika. Alichukua bisibisi, akairudisha mahali pake.

"Hukulia," alisema.

"Nini?"

"Kaka yako alilia hata kabla hajatoka vizuri. Dada yako vilevile. Wewe ulitoka, nikasikia mkunga anakupiga mgongoni. Anapiga tena. Nikasikia mama yako anauliza, 'Mbona kimya?' Na redio inaimba tu. Nikaizima."

Taarifa hakuwahi kumwona baba akizima redio. Hata akilala aliishusha sauti tu.

"Niliizima nikusikilize. Nikakaa. Sijui nilikaa kiasi gani. Halafu ukalia." Alipangusa meza isiyokuwa na vumbi. "Sasa wenzako wana nyimbo, na wewe umelia redio imezimwa. Nikupe nini? Nikawasha haraka, nikakuta wanasoma habari. Nikasema basi, ndiyo hiyo."

"Na ule wimbo uliouzima?"

"Siukumbuki. Nimejaribu miaka yote hii. Zote ulizopiga leo nazijua mpaka mpiga ngoma, lakini ule haupo kabisa."

Shaka aliyokuja nayo Taarifa haikuwa na pa kukaa tena. Alimwonea baba yake huruma, yule kijana mwenye redio bubu magotini, na akampenda zaidi. Alikuja kutafuta wimbo, na wimbo haupo. Lakini udadisi wake bado ulikuwa hai, ukamletea swali moja ambalo hakuwahi kulifikiria.

"Nililiaje, baba?"

Mzee hakuhitaji kufikiri. Alifumba macho, akavuta pumzi, akatoa sauti nyembamba ya kukwaruza, iliyokatika, ikakwama kama kwikwi, ikakatika tena, kisha ikafunguka ndefu, ya hasira, ikapanda mpaka dari. Fundi viatu alichungulia tena, msumari mdomoni. Mteja mmoja aliyefika mlangoni na redio kwapani alirudi nyuma hatua moja. Mzee hakumwona mtu. Aliimaliza yote, mpaka ile pumzi ndogo ya mwisho, bila kukosea.

Taarifa alishika bega lake, akaleta mdomo kwenye sikio la kushoto.

"Rudia," alisema.

Na baba akarudia.