Malkia wa Kijani

Marehemu alikuwa fundi wa kuunda gemu, zile za zamani za kuchomeka kanda kwenye mashine. Siku zake za mwisho alimwambia mkewe, "Malkia wa kule mwisho wa gemu ni wewe." Mkewe hakuwahi kumfikia malkia huyo. Kila akicheza alitumbukia kwenye shimo la kwanza, akarudi zake jikoni. Sasa mashine nayo imemfuata mwenyewe, imebaki kanda.

Mjane alitaka uso wa malkia huyo utolewe kwenye kanda, uchapwe, utundikwe sebuleni. Lakini wifi yake alishasema mbele za watu, "Ndugu yangu alikuwa na malkia wengi. Usijitie." Neno hilo lilimkaa mjane kooni kama mwiba wa samaki.

Akaja mtoto wa wifi na kompyuta yake. Aliitwa Injinia, kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Mama yake naye akaja, kushuhudia aibu.

Injinia akachomeka kanda, akabonyeza, akakunja uso. Kwenye kioo cha kompyuta kidevu kilikuwa kimekaa kando ya paji la uso, jicho likining'inia peke yake kama embe bovu.

"Data imeoza," akasema.

"Kama mwenye nayo," wifi akaitikia.

Mjane akavuta tasbihi yake. Kumjibu wifi kulitaka dua kwanza.

Injinia akakuna kichwa, akakumbuka alichosahau. "Aa. Zamani picha haikuhifadhiwa nzima. Ilikatwa vigae vidogo vidogo, vikapangwa foleni. Nami nimevisoma kama picha nzima, mstari kwa mstari." Akavipanga upya. Kidevu kikashuka mahali pake, jicho likapata mwenzake. Ukatokea uso wa mwanamke. Wa kijani, macho mekundu.

Wifi alicheka hadi akajishika mbavu. "Haya, huyo kweli ni wewe. Nakuondolea shaka."

"Rangi si yake hiyo, mama," Injinia akasema. "Kidoti cha picha hakijui rangi yake, kinajua namba tu: chovya kopo la rangi la kwanza, chovya la pili. Makopo yenyewe yamewekwa kwingine. Haya niliyoshika ni ya zimwi linalolinda lango humu kwenye gemu." Akabadilisha makopo. Uso ukawa wa kahawia, taji la dhahabu. "Na huyu ndiye malkia. Mjomba alibana nafasi: uso mmoja, kazi mbili."

"Basi alichora zimwi, akalivika taji," wifi akasema. "Bado sijamwona mtu hapa."

Mjane alitazama. Mdomo ule ungeweza kuwa wa yeyote. Mwiba ukazidi kuzama.

"Ila mjomba naye, Mungu amrehemu, kazi hakuijua vizuri," Injinia akaendelea, maana alikuwa hajatosheka na sauti yake. "Mfalme, askari, mpishi, wote kawachora nusu uso, nusu ya pili akaigeuza tu kama kwenye kioo. Hivyo ndivyo wanavyobana wajuzi. Huyu mmoja kamchora mzima. Kupoteza vigae bure, kwa sababu ya uchafu huu hapa shavuni."

Akaugusa kwa kidole: kidoti cheusi kando ya mdomo, upande mmoja tu.

Wifi aliutazama uchafu ule, kisha akalitazama chunjua la shavuni mwa mjane, ambalo tangu siku ya harusi alikuwa akiliita nzi. Marehemu angechora nusu uso tu na kuigeuza, nzi wangekuwa wawili.

"Chai yangu imepoa," wifi akasema.

"Nitakuchemshia nyingine, wifi yangu," mjane akajibu kwa upole wa mtu aliyetoka kuswali. Mlangoni akageuka. "Injinia, baba, nichapie picha mbili. Malkia nitamweka chumbani kwangu."

"Na zimwi?"

"Hapa sebuleni, mkabala na kiti cha mama yako. Marehemu alimweka langoni, nami ni nani nimwondoe?"