Changarawe ya Khayega

Gurudumu la mbele lilianza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango, na Winrose akakaza mikono.

"Legeza! Hiyo si mbuzi unapeleka sokoni," nikamwambia, nikikimbia kando yake.

"Nikilegeza si itanitupa?"

"Itacheza, kisha itanyooka yenyewe. Simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi. Breki ya mbele isahau, ukiishika utabusu ardhi. Na macho yatupe mbali. Pikipiki inafuatanga macho. Ukiangalia mtaro, utalala mtaroni."

Hayo sikufundishwa na shule yoyote. Nilifundishwa na kuanguka, miaka kumi na minne ya kubeba abiria kutoka Khayega. Kila kovu mguuni mwangu lina mwanakandarasi wake: yule aliyechimba mtaro akausahau, yule aliyelipwa akahama na tingatinga lake, na huyu wa sasa, aliyemwaga changarawe mteremko mzima bila kuishindilia. Mikutanoni niliwataja mmoja mmoja bila karatasi, na watu walinishangilia.

Winrose alikuwa mhudumu wa afya. Nyumba arobaini alizizunguka kwa miguu, hata goti la kushoto likaanza kuvimba. Sasa shirika lilikuwa limemletea pikipiki, kwa sharti moja: Jumatatu aiendeshe mbele yao hadi bondeni na kurudi. Akishindwa, ingepewa mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Akateremka tena, safari hii peke yake. Alisimama vizuri, viwiko nje, na pale wengine wanapoogopa na kukata mafuta, yeye akaongeza kidogo. Pikipiki ikatulia. Nilijivuna, sikatai. Kisha lori la mwanakandarasi likatokea nyuma yangu, likamwaga changarawe nyingine juu ya ile ya kwanza. Hasira ikanipanda hadi utosini.

"Winrose! Unaona hawa wezi? Winrose, tazama!"

Akageuka. Akanitazama mimi. Gurudumu likafuata, mkono ukakamata breki ya mbele, na nikasikia mfupa ukivunjika kabla vumbi halijatua.

Nilipomwinua, alisema tu, "Si ungeninyamazia, mwalimu."

Jumatano, barazani kwa chifu, niliuinua mkono wake wenye plasta ili wote wauone. "Changarawe hii ndiyo imevunja mkono wa mama huyu!" Watu wakapiga mbinja. Chifu akafungua daftari lake, akamgeukia.

"Ni hivyo, mama?"

Winrose aliniangalia. Angeweza kunimaliza pale pale kwa neno moja, na mimi, ninayekumbuka makosa ya kila mtu na mwaka wake, nilijikuta nikiomba asiwe na kumbukumbu.

"Andika changarawe," akasema.

Wiki iliyofuata rola ikaja. Mteremko ukashindiliwa ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa. Wanaume wakaninunulia chai, wakaniita mtetezi, nami nikainywa. Pikipiki alipewa mhudumu mwenzake, Protus, ambaye haogopi mwendo, ila harufu ya mgonjwa inamkimbiza.

Hili sijalisema katika mkutano wowote.

Mara nyingine ninampata Winrose njiani, begi la dawa begani, akilipumzisha lile goti. Ninasimama, ninafuta kiti kwa kiganja, ninamwambia apande, bila malipo.

"Endelea tu, mwalimu," ananiambia. "Barabara ni nzuri."