Akaunti ya Mheshimiwa

Clotilda wa Ijuganyondo alikuwa na kompyuta moja, na ndani yake majina ya ukoo, vizazi tisa, aliyoyapiga chapa miezi saba huku kaka yake Karugendo akimtajia kitandani. Karugendo alikwisha kuzikwa. Majina hayakuwa mahali pengine popote.

Agnetha, binti wa marehemu, mwalimu huko Muleba, alikuja akaizungushia kompyuta ile ulinzi, tabaka juu ya tabaka. Aliisasisha, akaweka programu ya kukamata virusi, akatia nenosiri, kisha akafungua akaunti ya pili akaiita Mgeni.

"Mwenye flashi yake akae humu, shangazi. Humu hawezi kuweka programu wala kugusa mafaili yako. Diski ya nakala nitaileta Jumamosi. Mpaka hapo, nenosiri lako usimpe mtu."

"Hata padri?"

"Hata padri."

"Haya. Umeniongezea dhambi."

Alhamisi akaja mkwe wake, mzee Rutashobya, ambaye mwanawe ndiye aliyemwoa Alistidia, binti wa Clotilda. Alibeba flashi ndani ya leso, nayo ina kadi za harusi ya kitindamimba wake, anataka zichapwe. Flashi hiyo ilikwisha kulala kwenye kila steshenari ya Bukoba, na haikuwahi kuoga. Lakini mkwe hanyimwi. Clotilda akampa kahawa za kutafuna, akampa kiti, akamfungulia akaunti.

Mzee akavaa miwani. "Mgeni? Miaka kumi na miwili nakula ndizi za nyumba hii, leo naitwa mgeni?"

"Kanawe mikono, mkwe wangu. Nairekebisha."

Aliporudi alikuta pameandikwa Mheshimiwa Rutashobya. Chumba kilekile, kufuli lilelile, mlango tu ndio umepakwa rangi. Akaketi kama aliyekabidhiwa ofisi, akachomeka flashi. Kioo kikawaka maandishi mekundu.

"Inasema nini?"

"Inakusalimia."

"Fundi aliniambia kadi hazifunguki mpaka niweke programu yake, imo humuhumu." Akabonyeza. Kikatokea kidirisha kikidai nenosiri la mwenye kompyuta. "Weka neno lako hapo, mkwe."

Clotilda akakitazama kidirisha. Akiliandika, kazi ya Karugendo inaingia mdomoni mwa flashi. Akikataa, habari inafika kwao Bilele kabla ya adhana ya alasiri, kwamba Clotilda kamfukuza mkwewe.

"Nimelisahau," alisema. "Analikumbuka Alistidia, mke wa mwanao. Ila ni neno la sirini, la wanawake, hata kulitamka naona haya. Mpigie wewe akutajie."

Mzee akaacha kutafuna. Kwa watu wa rika lake, baba mkwe na mke wa mwana hawapeani hata mkono. Leo amwombe neno la aibu, tena kwa simu?

"Asisumbuliwe," akasema taratibu. Akaichomoa flashi mwenyewe, akaifunga kwenye leso.

"Nitajie hiyo kadi, niipige upya."

Akataja, Clotilda akapiga. Kwenye orodha ya kamati mzee akataka jina lake litangulie, likatangulia, kwa herufi kubwa. Printa ilipozitoa, akaondoka kwa bodaboda na kadi zake kifuani.

Clotilda akafungua faili lake, akahesabu. Vizazi tisa, hakuna aliyetoka. Ndipo akampigia Alistidia.

"Baba mkwe wako akikuuliza lile neno, sema na wewe umelisahau."

"Neno gani, mama?"

"Hivyohivyo. Umeweza."