Hoja ya Nne

Nilikuwa na ulimi. Sijisifu, ulizeni mtaa mzima. Mteja akinijia na kitambaa kifupi akitaka gauni refu, nilimwambia akalete nusu iliyobaki ya kitambaa, na kama akipita nyumbani achukue na nusu iliyobaki ya akili. Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini wote walirudi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa safi kuliko mdomo. Macho yalipochoka kutunga uzi nikafunga duka, na binti yangu akanifungulia blogu ili maneno yasije yakanivimbisha tumbo. Tuliiita "Fundi Amesema". Nilidonoa herufi kwa kidole kimoja, nikawasema wateja wangu wote, hai na marehemu, na watu wakasoma.

Kiharusi kilinikuta asubuhi, nimeinama natafuta kandambili chini ya kitanda. Kilichukua upande wote wa kulia, kikaulegeza na wa kushoto, kikachukua shingo, kikachukua na sauti. Nilichobakiwa nacho ni vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo hata kujiinua kitandani haviwezi, na koo linalotoa mlio mmoja tu, niwe na njaa au niwe na hasira. Akili yangu imebaki yote, na hilo ndilo watu wasiloliamini. Wakija kunijulia hali wanaongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kabati. Jirani mmoja aliwahi kuuliza, mbele yangu, ile cherehani yangu itauzwa lini.

Binti yangu ndiye pekee aliyeamini kwamba nipo. Tangu utotoni namwita Sindano, kwa wembamba wake. Ni fundi wa meno ya bandia katika mji wa mbali, ana kazi nzuri na meza yake mwenyewe maabara. Aliomba likizo isiyo na malipo akaja kunigeuza, kunisafisha na kunilisha uji kwa kijiko, na nguo zake bado ziko kwenye begi kwa sababu kabati langu limejaa vitambaa ambavyo hathubutu kuvigusa. Mtaalamu wa viungo alimfundisha kunishika mkono wa kushoto na kuniuliza. Nikibana mara moja ni ndiyo, nikibana mara mbili ni hapana.

Wasomaji walikuwa wanauliza fundi amepotelea wapi. Basi siku moja Sindano akaketi kando ya kitanda na kompyuta yake mapajani, akaniambia kuna msaidizi wa akili mnemba anayeweza kutupangia makala: yeye apange, mimi nikubali au nikatae, na Sindano aandike. Nilibana mara moja. Ningekubali hata jini, almradi nisikike.

Moyoni nilimbatiza jina la Bwana Muhtasari. Huyo hawezi kukusalimia bila kukupa utangulizi, hoja na funzo kwa msomaji. Mpango wake wa kwanza ulinifanya bibi mpole anayeshona huku akitabasamu, eti kila mshono ni upendo. Nilibana mara mbili kabla Sindano hajamaliza kusoma, nikabana mara mbili tena ili asidhani nimekosea. Mshono ni uzi. Sindano alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko cha kwanza tangu aje, kisha akamwandikia kwamba mama si mtu wa namna hiyo. Bwana Muhtasari akaomba apewe makala zangu za zamani azisome. Mpango uliofuata ulihusu maharusi wanaoleta kitambaa harusi ikiwa keshokutwa, na ulikuwa na meno. Nimpe haki yake, alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwaweka mbele ya cherehani.

Tukawa tunafanya kazi hivyo kila alasiri, nikishaogeshwa na kulazwa kuelekea dirishani. Sindano anasoma hoja, nabana, anaandika. Zilikuwa saa nzuri. Lakini nilikuwa nashuka. Daktari alimvuta Sindano mlangoni akamnong'oneza kwamba kiharusi cha pili hakiko mbali na kwamba ajiandae. Kabati lililolala kitandani lilisikia kila neno.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Katika blogu ile nilimtaja Sindano mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mara nilimtaja ili watu wacheke. Nilieleza gauni lake la kwanza, ambalo mfuko wake aliushona ukafungwa pande zote. Niliandika kwamba mwanangu siku hizi anawashonea watu meno. Alipopata kazi maabara nilimpigia simu nikamwambia angalau sasa kuna mtu katika ukoo huu atakayeng'ata kwa leseni. Nampenda mtoto huyu mpaka kifua kinauma, na siku zote nilidhani hilo limeandikwa usoni pangu, kwamba mwenye macho analisoma. Utani ndio ulikuwa mkono wangu wa kumkumbatia, sikuwahi kujifunza mwingine.

Alasiri moja Sindano alitaka tupange makala juu ya watu niliowafundisha ushonaji. Alichapa kwa muda mrefu, akafuta, akachapa tena. Kisha akanishika mkono akaanza kunisomea. Hoja ya kwanza ilikuwa wanafunzi wanaokata kabla ya kupima. Nikabana mara moja. Ya pili ilikuwa yule kijana aliyenishonea kidole chake pamoja na pindo. Nikabana. Ya tatu ilikuwa Sindano na mfuko wake. Hiyo niliibana kwa furaha kabisa.

Akakohoa.

"Hoja ya nne," akasema. "Mama anajivunia binti yake."

Nilijua papo hapo ni nani aliyeiandika. Bwana Muhtasari angeweka sababu na mfano. Hii ilikuwa tupu, ya mtu aliyeogopa kuongeza neno. Na kwa kuwa sikumlea kuwa mwongo, akanisomea na maneno ambayo msaidizi ameweka chini yake: kwamba hoja hiyo aliyoiongeza haionekani katika makala yoyote ya mama, na kwa kuwa itatoka kwa jina la mama, ni vyema amuulize mwenyewe kwanza.

Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yetu.

"Ni kweli, Mama? Usinionee huruma. Nijibu ukweli tu."

Mwanamke mzima, mvi zimeanza kumtoka juu ya masikio, mikono inanukia sabuni aliyoniogeshea, ameketi kama mtoto anayesubiri kusomewa matokeo. Kila nilichonacho kiliinuka. Nikakusanya nguvu zangu zote nikazipeleka kwenye vidole, na vikanitii. Nikabana mara moja.

Hapo hapo kilio kikanijia. Sikuwa nimelia tangu nimzike baba yake, na mwili huu wa sasa haujui kulia kidogo. Ukianza, unalia wote. Kifua kikatikisika, koo likatoa mlio wake uleule mmoja, na mkono ukatikisika nao. Vidole vikabana, vikaachia, vikabana tena. Nilijaribu kuvizuia. Havikuwa vyangu tena.

Sindano aliendelea kuutazama mkono mpaka ulipotulia.

"Sawa, Mama," akasema. "Usilie. Si vibaya. Nilitaka kujua tu."

Akachukua kitambaa akanifuta machozi, akanifuta na mate kwenye kona ya mdomo, vizuri, bila haraka, kama anavyofanya siku zote. Akauweka mkono wangu juu ya shuka, kwa sababu kuchapa kunataka mikono miwili. Nikapiga ule mlio. Nikaupiga tena.

"Nimekusikia, Mama. Naiondoa."

Nilisikia akiiondoa. Bwana Muhtasari naye hana kinyongo, akajibu kwamba makala itasimama vizuri tu kwa hoja tatu, akapendekeza utangulizi. Sindano akausoma kwa sauti yake ya kila siku, hata akajitahidi kucheka palipokuwa na mzaha. Mimi nilikuwa nabana shuka. Mara moja, nangoja kidogo isije ikahesabiwa mbili, kisha mara moja tena. Hakuwa anaangalia huko.

Alipomaliza akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu lakini ameshajikaza.

"Utangulizi huu unafaa, Mama?"

Nikabana mara moja. Nilibana kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo, na sikuachia.

"Basi unafaa," akasema, akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, ili apate mkono wa kuandikia.