Sio Hivyo, Dessa

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Kwenye ubeti wa pili Odessa alipaswa kuimba "nitakungoja", akaimba "nitakukimbia", na sasa alitaka lifutwe kabla mkanda haujapelekwa kiwanda cha santuri.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa bendi yake, tena ni mjomba wake, kwa hiyo nilimwambia bila kumung'unya maneno, "Dessa, muache mama yako hapo alipo kwenye mkanda."

"Mjomba, siwezi kuuza wimbo wenye kosa."

Kichwa kigumu kile! Ni yeye aliyekataa kompyuta, akataka albamu nzima irekodiwe kwa mkanda kama walivyofanya wazee wetu wa Memphis, muziki wa soul wenye gitaa linalonguruma, na yeye na mama yake waimbe kwenye maiki moja, shavu kwa shavu. Ikapendeza kweli, ila sauti zao hazitenganishiki tena. Kisha kiharusi kikamwangusha Verlene, dada yangu, na ulimi wake ukafungwa. Kwingine kote kwenye albamu anaitikia tu. Baada ya lile neno ndipo anaongea, kwa sauti yake ya jikoni, ya kila siku, na hatuna rekodi nyingine ya maneno yake.

Ilikuwa mchana wa Agosti na feni imezimwa isisikike. Odessa alisimama nyuma ya kioo. Huku kwetu, kwenye chumba cha mitambo, Verlene alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani. Hollis, fundi mitambo, alishikilia kidole juu ya kitufe chekundu, kile cha kurekodi upya juu ya sauti ya zamani.

"Nakwambia tena," alisema. "Hapa maji yakimwagika hayazoleki. Nikichelewa kuachia, nimemfuta Mama Verlene."

"Basi usichelewe."

"Nina miaka sitini, bibie. Mimi si cherehani."

"Nikitikisa kichwa, bonyeza."

Mkanda ukazunguka. Ngoma, gitaa, kisha kinanda changu, nikakichukia. Ubeti wa kwanza ukapita. Mimi nilitamani kuuvunja ule mtambo kwa kiti.

Odessa akavuta pumzi, akamtupia mama yake jicho.

Verlene alikuwa ameinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alikiinua vilevile alivyokuwa akikiinua kanisani, kwenye kwaya ya watoto, kila Dessa alipotaka kuharibu. Lile neno lilikuwa bado halijafika, lakini alijua linakuja.

Odessa hakutikisa kichwa. Neno likapita.

"Sio hivyo, Dessa!" Verlene wa mkandani akapayuka kwenye spika, akicheka. "Utamkimbia nani na viatu hivyo?"

Kidole cha Verlene kitini kikatikisika mara mbili, sawasawa na sauti.

Mimi nililia, sifichi. Hollis akauondoa mkono wake na kuufuta kwenye suruali.

"Hukuniashiria," alisema.

Odessa alivua vipokea sauti, macho bado kwa mama yake.

"Mama ameshanisahihisha," alisema. "Washa feni."