Mfuko Mwekundu wa Aili

Tangu Aili atobolewe koo na kutiwa bomba la kupumulia akiwa na miezi mitatu, nyumba ya babu yake Reino ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mtoto asiachwe bila macho ya mtu hata dakika moja, maana apumuaye kwa bomba shingoni hulia bila sauti. Ya pili, mfuko mwekundu uende aendako. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kunyonya makohozi na bomba la akiba. Mzee alifundishwa kubadilisha bomba kwenye mwanasesere, akaiva hasa, na kanisani akawa anajisifu mpaka watu wakamkwepa.

Kilichomshinda ni sauna. Kwa Wafini, watu wenye asili ya Ufini, waliokaa kando ya ziwa moja huko Ontario, Kanada, Jumamosi bila sauna si Jumamosi. Reino alizaliwa ndani ya kile kibanda cha mvuke, na mama yake alipokufa alioshwa humo humo. Lakini Aili, mwenye miaka minne, kila Jumamosi alibaki dirishani akiwatazama binamu zake wakitoka wamewiva, wakikimbilia ziwani.

"Baba, joto lile linakausha makohozi," binti yake Kaisa, mama wa mtoto, alimwambia mara mia. "Yakikauka, bomba linaziba."

"Sauna haijaua mtu."

"Haijaua wanaopumua kwa pua. Niapie hutampeleka."

Akaapa, huku amenuna.

Jumamosi moja muuguzi wa kumwangalia Aili usiku hakuwa amekuja, wiki ya pili sasa. Kaisa alikuwa amekesha tena, na saa nane mchana alisinzia mezani na kijiko mkononi.

"Kalale, mwanangu," mzee akasema. "Mimi nipo."

Akaenda, akalala fofofo.

Aili akamvuta babu mkono, akaonyesha moshi wa sauna. Jamani, mtu mwenye moyo angekataaje? Dakika tano tu, mzee alijiambia, benchi la chini, maji kidogo. Akauchukua mfuko, na alipofika barazani akasita. Kitu cha umeme hakiingizwi kwenye joto. Mashine ikiharibika, mtoto atanyonywa makohozi kwa kitu gani? Akautundika pale pale, hatua sitini kutoka kibandani. Uangalifu nao una ujinga wake.

Mle ndani Aili alicheka kicheko chake cha kimya, mabega yakitikisika. Babu akampigapiga mgongoni kwa matawi laini, kama ilivyo desturi ya sauna.

"Sasa umekuwa Mfini kamili, bibie."

Akageuka kuyamwagia maji mawe ya moto ya jikoni mwa sauna. Akamwaga kata moja, akamwaga ya pili, akisimulia jinsi mama yake alivyomzaa kwenye kona ile. Mvuke ukajaa. Alipogeuka, mtoto alikuwa amelala ubavu, midomo imekuwa ya bluu, na vidole vimeshika ukingo wa benchi.

Akambeba akakimbia, mzee wa miaka sabini na moja, uchi, hatua sitini. Barazani akalitoa bomba lililoziba, akatia jipya. Liliingia mara ya kwanza, sawasawa kama kwa mwanasesere. Hewa nayo iliingia. Moyo tu ndio ulikuwa umekwisha kusimama. Kaisa alitoka akamkuta bado anambonyeza kifua, akihesabu, na aliendelea kuhesabu hata gari la wagonjwa lilipofika.

Kaisa hakumfokea. Afadhali angemfokea. Siku moja kabla ya mazishi akasema, "Pasha maji ya sauna, Baba. Ya uvuguvugu. Namwosha mwenyewe."

Reino akapasha. Kaisa akaja na mtoto kifuani, na begani amevaa ule mfuko mwekundu.

"Mwanangu," mzee akasema, "mfuko wa nini tena?"

"Uende aendako, Baba."

Akautundika kwenye msumari karibu na benchi. Reino akakaa kizingitini, akamkazia mjukuu wake macho, hakugeuka hata mara moja mpaka Kaisa alipomaliza kumsuka nywele.